Mama Libérata Hahesabu Chenye Uhai

Ukipanda kutoka soko ya Kibabi asubuhi, umande ungali kwenye majani, utamukuta Mama Libérata anashuka. Bidon moja ya maziwa iko kichwani, nyingine mukononi, na kitenge amekifunga kifuani kwa fundo ambalo halijapata kumufungukia njiani. Hatembei mbio. Maziwa, anasema, yanamujua muntu mwenye haraka, yanamwagika makusudi. Njia hiyo ameishuka tangu alipokuwa musichana mudogo wa Papa Rutayisire, alipoacha shule darasa la tatu, na leo nywele zake zimechanganya nyeupe na nyeusi.

Kuhesabu anajua. Chupa za maziwa anazihesabu, siku za juma anazihesabu, magunia ya viazi ya jirani anaweza kukutajia bila kukosea. Ila hahesabu kitu chenye uhai. Hahesabu ng'ombe wake, hahesabu watoto wa watu, hata vifaranga nyuma ya mama yao anaviona tu kwamba vipo. Jioni ng'ombe wakirudi, anasimama kwenye mulango wa zizi na kuwaita kwa majina, mumoja mumoja, midomo ikicheza bila sauti. Jina likikosa mwenyewe, njo anajua kuna aliyebaki kilimani. Baba yake alifanya vile vile. Idadi ya ng'ombe, muzee huyo alikuwa akisema, ni kama mulango wa nyumba: ukiufungulia kila mupita njia, siku moja ataingia usiyemualika.

Mara moja tu katika maisha yake Libérata aliufungua. Alikuwa mwanamuke aliyeolewa karibuni, mwenye zizi lililojaa, na wageni walikuja na daftari kuandika mifugo ya kuchanjwa. Wakauliza ngapi. Mume wake alikuwa anatafuta maneno ya kuzunguka, na yeye, kwa kiburi cha ujana, akasema: "Thelathini na moja." Mume aligeuza uso, hakumugombeza. Kisha vita ikapanda mulima. Ng'ombe wakachukuliwa, mume naye akaenda asirudi, na Libérata akajikuta Lushebere katika kambi, chini ya bâche, turubai inayovuja, na binti yake Mukundwa mugongoni na ng'ombe wawili tu waliojua kumufuata. Yeye si mujinga. Anajua vizuri kwamba ng'ombe walichukuliwa na watu wenye bunduki, hawakuchukuliwa na namba. Lakini tangu wakati ule, kinywa chake kikikaribia idadi ya kitu kinachopumua, kinajifunga chenyewe. Akibanwa sana, anapunguza. Hata daktari wa mifugo siku hizi akimuuliza, anataja idadi ndogo mupaka daktari mwenyewe anaona haya kuiandika.

Jirani yake, Papa Ndayambaje, mulimaji wa viazi na maharagi, amegeuza jambo hilo kuwa muchezo wa kila asubuhi. Anakuja na kikombe chake, anakaa kwenye ubao nje ya nyumba, na kabla ya kusalimu vizuri anaanza.

"Mama Libérata, leo uniambie tu, mimi ni muzee, niko karibu kufa. Ziko ngapi?"

"Ziko za kutosha kukunyima maziwa."

"Kumi?"

"Kunywa, Papa, inapoa."

"Basi ishirini. Nimeona vile macho yako yamecheza."

"Macho yamecheza juu ya nzi."

Na hapo wanacheka, anakunywa, anaenda shambani kwake. Miaka mingi sasa, na Ndayambaje hajapata namba.

Mwaka huu Mukundwa alianza biashara ya kupeleka fromage, yaani jibini, Walikale, kule chini katika musitu, ambako watu wanaipenda kwa sababu ng'ombe kwao ni kama hawapo. Mutoto wake, Mahoro, miaka miwili, alimuacha kwa nyanya yake. Homa za musitu, alisema, hazimuhurumii mutoto aliyezoea baridi. Akaacha pia telefone ndogo yenye tochi, na Libérata akawa anaitunza katika kopo la chumvi, akiitoa Jumapili kusikia sauti ya binti yake.

Katika miezi hiyo hiyo njo kulikuja habari ya wanganga wa telefone, yaani madaktari wa kutibu kwa simu. Mvua zilikuwa zimekula barabara, moto, zile pikipiki, zenyewe zilikuwa zinabebwa na watu badala ya kubeba watu, na hospitali ikaweka munganga mumoja kila asubuhi akae na telefone kwa ajili ya kikohozi, mafua, masikio na koo. Faustin, reko wa kijiji, yaani yule aliyefundishwa kutunza sanduku ya dawa za kwanza, alipita nyumba kwa nyumba akiandika numero ya wanganga hao kwa kalamu kwenye milango. Watu walicheka. Munganga asiye na mikono, walimuita. Libérata alicheka pia. Alimuuliza Faustin kama huyo munganga atatazama ulimi kupitia waya gani. Lakini aliacha numero iandikwe, kwa heshima ya Faustin, juu kidogo ya kufuli.

Mahoro alianza na kamasi siku ya Jumatatu. Jumanne akakohoa, na kila nyumba ilikuwa inakohoa, hakuna aliyeshangaa. Jumatano mwili ukapata moto. Alhamisi asubuhi alikataa uji, akakubali maziwa kidogo, akalala juu ya mapaja ya nyanya yake akiwa macho, bila kutaka kutazama ndama wala kuku. Libérata, ambaye amelea ndama wengi kuliko watoto, alitazama tumbo la mujukulu wake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama la ndama aliyekimbizwa. Bidon zake zilibaki zimejaa nyuma ya mulango.

Aliwaza njia mbili. Kumufunga mugongoni na kwenda hospitali kulikuwa ni mwendo wa kutwa nzima katika matope, mvua ikiwa imeshakaa juu ya mulima ikingoja, na mutoto mwenye homa akinyeshewa anaweza kufika akiwa mubaya kuliko alivyoondoka. Kukaa naye nyumbani pia kunaweza kuwa kumuzika. Ni mutoto wa Mukundwa, ameachiwa mikononi mwake. Akatazama numero juu ya kufuli, akatoa telefone katika kopo.

Rezo, yaani mutandao wa simu, nyumbani kwake inapatikana sehemu moja tu, nje, kati ya mulango na zizi. Akaketi pale juu ya kigoda, Mahoro mapajani ndani ya kitenge, telefone imekaa juu ya bidon iliyogeuzwa, sauti imefunguliwa yote. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Ndayambaje alikuwa kwenye ubao wake na kikombe kitupu. Siku hiyo hakuuliza kitu.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamuke kijana, yenye utulivu, Kiswahili cha Goma. Ikasema inaitwa docteur Myriam. Ikauliza jina la mutoto, miaka yake, siku ngapi za kikohozi, kama anakunywa, kama anatapika kila kitu, kama amekakamaa ao amepoteza fahamu. Libérata alijibu moja moja. Kisha munganga akamuomba afungue nguo, atazame chini ya mbavu: mutoto akivuta pumzi, pale chini panabonyea kuingia ndani? Libérata aliinama, akatazama muda murefu. Hapana, akasema, mbavu zimetulia, ni tumbo tu linaharakisha.

"Hapo umeniambia jambo zuri, Mama. Sasa nitatazama saa. Nikisema anza, uhesabu pumzi zake mupaka niseme basi. Tumbo likipanda, moja. Likipanda tena, mbili. Anza."

Dakika ikapita. Libérata alikazia macho tumbo la mutoto, hakupepesa. Ila hakuhesabu. Na munganga aliposema basi, kinywa kikatoa kile kinachotoa siku zote.

"Kumi na mbili."

Docteur Myriam akauliza tena: "Mama, sijasikia vizuri. Ngapi?"

"Ao kumi na moja," akasema Libérata.

"Mama yangu," munganga akasema pole pole, "mimi hapa nimekaa kwenye kiti, nakunywa chai, na napita kumi na moja. Mutoto wa miaka miwili akipumua hivyo, tusingekuwa tunaongea kwa utulivu huu."

Ndayambaje akakohoa kwenye ubao. "Docteur, usamehe jirani," akasema kwa sauti ya kufika kwenye telefone. "Huyu mama anapunguza. Namba yake ni lazima uizidishe, ila mara ngapi, hakuna anayejua hapa Kibabi."

Docteur Myriam hakucheka. Alieleza kama muntu anayeeleza mara ya kwanza, bila kuchoka. Yeye hamuoni mutoto, akasema. Hamushiki paji la uso, hasikilizi kifua chake. Namba njo macho yake. Kwa mutoto wa umri huo, pumzi zikiwa chini ya arobaini kwa dakika, na mengine yote yako sawa, ni mafua ya kawaida, atatunzwa kwa maziwa na chai yenye asali, na dawa kali zingemuchosha bure. Zikifika arobaini na kupita, ugonjwa umeshuka kwenye mapafu, na dawa inaanza leo, haingoji kesho.

"Ukinipa kumi na mbili, Mama, umenifunga kitambaa usoni."

Libérata aliona haya, haya ya muntu mukubwa, ambayo haionekani kwenye uso ila kwenye mikono. Akavuta kitenge juu ya miguu ya mutoto ingawa ilikuwa imefunikwa.

"Docteur, kwetu chenye uhai hakihesabiwi," akasema. "Mimi nilihesabu mara moja."

Upande wa pili karatasi ilisikika inageuzwa, na mahali fulani nyuma mutoto mwingine alikuwa analia katika hospitali.

"Basi usihesabu," munganga akasema. "Ni mimi nitahesabu. Kila tumbo likipanda, sema neno moja kwa sauti. Lolote. Mimi nitaweka alama huku. Namba itabaki kwangu, sitakutajia."

"Neno gani?"

"Lile kinywa chako kinalijua bila kufikiri."

Libérata aliwaza Baba Yetu. Lakini sala ina mwendo wake, haikatwi na pumzi ya mutoto. Kuna maneno mengine tu ambayo kinywa chake kilikuwa kinayajua hivyo, na hayo hajawahi kuyasema kwa sauti hata mbele ya Mukundwa. Akainua macho. Ndayambaje alikuwa anamutazama, na Ndayambaje, ambaye ameketi pale miaka na miaka akitega sikio, alielewa kabla hajaambiwa. Muzee akaweka kikombe chini. Akachukua kofia yake, akashuka kwenye shamba lake la viazi mupaka mwisho wa mustari, akawapa mugongo, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya na kubwa ili asisikie kitu.

"Niko tayari," akasema Libérata.

"Anza."

"Gaju," akasema, na tumbo likashuka. Likapanda. "Bihogo." Likapanda. "Sine. Bugondo. Dimanshi." Dimanshi alizaliwa siku ya Jumapili watu wakiwa kanisani. "Nkungu. Minisitiri." Minisitiri anapiga teke kila mwenye kumukaribia. Majina yalitoka moja baada ya lingine, kwa sauti, katika jua, na kila jina lilikuwa ng'ombe mumoja anayekula majani kilimani wakati ule ule. Kisha wakaisha. Hai wote walikuwa wamepita, na tumbo la Mahoro halikungoja, lilipanda tena.

Libérata hakuwa na nafasi ya kuchagua. Akaingia kwa wale wawili wa Lushebere, ambao walikufa uzee. Tumbo likapanda. Akaingia kwa wale waliochukuliwa. "Kibamba," akasema. "Rwirungu. Mukara. Nyirambabazi. Gaju wa mama mukwe." Majina hayo alidhani yamekufa ndani yake, kumbe yalikuwa yamesimama kwenye mustari, kila moja na pembe zake. Pumzi ya mutoto ilikuwa inamudai lingine na lingine, yakapita mengine mengi, hakuna dakika ya kulia. "Ruhogo," akasema.

"Basi," akasema docteur Myriam.

Munganga akaomba wapumzike kidogo, warudie, kwa sababu mutoto angeweza kuwa alishituka. Wakarudia. Mara ya pili majina yakaishia pale pale, kwa Ruhogo.

"Asante, Mama. Sasa ninaona. Zimepita kiasi. Si kwa mbali, lakini zimepita."

Kwa kuwa mutoto anakunywa, akaeleza, na mbavu hazibonyei, haina haja ya kumutoa katika matope leo. Faustin anazo kinini, yaani vidonge, zinazoyeyuka katika maji. Yeye munganga atamupigia Faustin sasa hivi amuambie kiasi. Asubuhi na jioni, siku tano zote, hata kama atakuwa anacheza siku ya tatu. Mutoto asilale jikoni penye moshi. Anyweshwe kidogo kidogo, mara nyingi. Na hapo sauti ya munganga ikawa nzito kidogo: akikataa kunywa, ao mbavu zikianza kubonyea, ao akilala usingizi usioamushika, musitafute rezo, mutafute njia ya hospitali. Siku ya Jumamosi wapigiane tena.

Libérata alirudia yote kwa kinywa chake, toka mwanzo, na munganga akasema ni hivyo hivyo. Ndayambaje alirudi toka shambani. Alisema tu kwamba kwake kuna asali, akaenda kuileta.

Siku ile na iliyofuata hakuna maziwa yaliyoshuka kutoka nyumba hiyo kwenda sokoni. Jirani waliyanywa, mengine yakageuka mutindi. Kinini ya kwanza Mahoro aliitema juu ya kitenge. Libérata akangoja, akayeyusha nyingine, akaiweka ndani ya shavu kwa kijiko kidogo kama anavyowapa dawa ndama, akipapasa koo mupaka ikashuka. Kila mara aliinama kutazama chini ya mbavu. Mukundwa alipiga kutoka Walikale, na Libérata hakumuficha: mutoto anaumwa mapafu, amepewa dawa, anakunywa. Binti alitaka kupanda mara moja. Mama yake alimuambia angoje Jumamosi, na kwamba mambo yakizidi, yeye mwenyewe atamuita. Mukundwa akauliza kama mutoto bado ana moto. "Bado," akasema Libérata. Ijumaa jioni moto ukashuka. Mutoto akaomba uji, akala vijiko vichache na kusukuma sahani, na nyanya yake akamaliza kilichobaki akiwa amesimama, kwa sababu hakukumbuka yeye mwenyewe alikula lini.

Jumamosi asubuhi akaketi tena kati ya mulango na zizi. Docteur Myriam alimutambua kwa sauti, akauliza habari za mutoto, akauliza mbavu, akasema wako tayari. Libérata akataja Gaju, akataja Bihogo, na Mahoro akateleza toka mapajani, akaketi chini, akashika ncha ya kitenge na kuiweka kinywani. Akamurudisha. Gaju, Bihogo, Sine, na mutoto akajipinda kama samaki akilia kwamba anataka kuku.

"Sikusikii vizuri, Mama, anakusumbua?"

"Anakataa kukaa, docteur."

"Hilo nimelipenda. Lakini akilia pumzi zinadanganya. Tumungoje atulie, niko hapa."

Wakangoja, munganga kule na nyanya huku, hewa ya telefone ikipita. Libérata alimupa Mahoro mufuniko wa bidon, mutoto akaugeuza geuza, macho yakawa mazito. Akaegemea kifua cha nyanya yake. Tumbo lilipanda polepole, kama muntu anayepanda kilima bila muzigo.

"Sasa," akanong'ona.

"Anza."

Hakuharakishwa. Kati ya jina na jina palikuwa na nafasi ya kumuona ng'ombe mwenyewe: Sine na doa lake, Nkungu asiye na pembe, Minisitiri na hasira zake. Hai wakapita. Wale wawili wa Lushebere wakapita. Wale waliochukuliwa wakaanza, Kibamba, Rwirungu, Mukara, na hapo munganga akasema basi. Jina lililofuata lilibaki juu ya ulimi wa Libérata. Akalimeza.

"Mama, umeelewa?"

"Nimeelewa, docteur," akasema. "Leo hatukufika kwa Ruhogo. Hata karibu yake."

"Hata karibu," munganga akakubali, na kalamu ikasikika inaandika. Akauliza kinini zimebaki za siku ngapi. Za leo, kesho na kesho kutwa, Libérata akasema, na hizo alizitaja bila kupunguza. Zote zimalizwe, munganga akasema, na kikohozi kinaweza kukaa juma moja ao mawili zaidi, asishituke. Kisha, kabla ya kuaga, akasita.

"Mama, niulize moja ambalo si la dawa. Minisitiri ni ng'ombe kweli?"

"Ni ng'ombe. Anapiga teke hata anayemuletea majani."

Munganga wa telefone akacheka hadi akakohoa yeye mwenyewe, na Libérata akamuambia atafute asali.

Alipoinamia bidon kuzima telefone, mapaja yake yalikuwa matupu. Mahoro alikuwa ameshafika kwenye mulango wa ndama, miguu mitupu ndani ya matope, shati limepanda juu ya tumbo, anapiga mbao kwa mufuniko. Libérata akakusanya kitenge mukononi, akamufuata, hakukimbia.